Wafrisia, bendera zao, na usiku niliofuta maeneo manne kwa skripti moja

Najua nimepotea hapa kwa karibu miezi miwili, na wawili watatu kati yenu mmeniandikia barua pepe kuuliza kama nimeacha kublogu au nimeoa. Hakuna hata moja. Nilikuwa nimezama kazini, na huko kazini nilifanya kosa ambalo leo nataka kuwasimulia, maana limenifundisha jambo ambalo miaka minne ya shahada ya sayansi ya kompyuta haikunifundisha. Chukua chai yako ukae, hadithi ni ndefu kidogo.

Kampuni ninayofanyia kazi hapa Nairobi ilipata kazi ndogo kutoka Uholanzi: kutengeneza chemsha bongo ya jiografia kwa watoto wa shule. Mtoto anaonyeshwa bendera, anachagua ni ya wapi. Bendera za nchi hazina shida. Shida ni bendera za mikoa. Tulipewa orodha ya maelfu ya mistari iliyokusanywa na watu mbalimbali, na ilikuwa imejaa marudio. Jina moja limeandikwa hapa kwa kistari, pale bila kistari, hapa kwa Kijerumani, pale kwa Kiholanzi.

Mimi, mjuaji, nikaandika skripti ya kusafisha. Inaondoa vistari na alama zilizo juu ya herufi, halafu inakata maneno ya pande za dunia (kaskazini, kusini, mashariki, magharibi) kwa lugha tatu, kisha inalinganisha kilichobaki. Majina yakifanana, mstari mmoja unabaki na mingine inafutwa. Nilikuwa nimeona mikoa kadhaa iliyorudiwa kwa namna hiyo, nikadhani nimegundua kanuni. Ilikuwa saa tano usiku. Nikaijaribu kwa mistari 50, ikapita. Nikaiachia hifadhidata nzima, nikapanda matatu nikaenda zangu kulala.

Ndiyo, nawaona mnavyotikisa vichwa. Ngojeni.

Baada ya siku mbili bosi akaniita kwenye simu ya video. Upande wa pili alikuwa dada mmoja wa Leeuwarden, ambaye kazi yake ilikuwa kukagua maswali. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu: kulikuwa na mistari minne yenye bendera nne, Friesland, West-Friesland, Ostfriesland na Nordfriesland. Sasa naona mmoja. Ile mingine mitatu umeipeleka wapi? Nikajibu kwa kujiamini kwamba yalikuwa marudio ya jina moja. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, na jambo la pili: maelezo yenu yanasema bendera yetu ina mioyo saba myekundu. Ile si mioyo.

Bosi akaniangalia. Mimi nikaangalia kibodi.

Maeneo manne, jina moja

Usiku ule niliketi nikasoma mpaka saa nane. Wafrisia ni watu wa pwani ya Bahari ya Kaskazini, kuanzia Uholanzi mpaka karibu na mpaka wa Denmark. Zamani za Karolo Mkuu, karne ya 8, sheria yao iliyoandikwa kwa Kilatini, Lex Frisionum, ilikuwa tayari inaigawa nchi yao katika sehemu tatu kwa kufuata mito na mikondo ya maji: kutoka Zwin mpaka Vlie, kutoka Vlie mpaka Lauwers, na kutoka Lauwers mpaka Weser. Maana yake ni kwamba huu mgawanyiko niliouona kama uchafu wa data una zaidi ya miaka 1,200.

Leo hali iko hivi. Friesland ni mkoa wa Uholanzi, makao makuu Leeuwarden, na tangu 1997 jina lake rasmi ni la Kifrisia, Fryslân. Ostfriesland, yaani Frisia ya Mashariki, iko Ujerumani, jimbo la Niedersachsen, kwenye miji kama Emden, Aurich na Leer. Nordfriesland, Frisia ya Kaskazini, iko Ujerumani pia lakini jimbo la Schleswig-Holstein, ikiwa na visiwa vya Sylt, Föhr na Amrum. Na sasa shikilia kikombe vizuri: West-Friesland, ambayo kwa jina ni Frisia ya Magharibi, haimo ndani ya mkoa wa Friesland hata kidogo. Ni eneo la mkoa wa Noord-Holland, ng'ambo ya maji, kwenye miji ya Hoorn na Enkhuizen, na watu wake leo wanaongea Kiholanzi. Lakini wataalamu wa lugha wanaposema Kifrisia cha Magharibi, wanamaanisha lugha ya Fryslân! Kwa hiyo ukikata neno la upande wa dunia, umepotea, na usipolikata unaweza kupotea vilevile. Hakuna skripti itakayokuokoa hapo. Inabidi usome.

Lugha nazo zina kisa chao. Kifrisia cha Fryslân kina wasemaji laki kadhaa. Kile cha Kaskazini kina maelfu machache tu, na hao wachache wamegawanyika katika lahaja karibu 10, kila kisiwa na yake: Sylt wanaita Sölring, Föhr wanaita Fering, Amrum wanaita Öömrang. Huko Mashariki, pwani yenyewe iliacha Kifrisia na kuchukua Kijerumani cha Chini. Kifrisia chao kimebaki mahali pamoja tu, Saterland, vijiji vichache ambavyo zamani vilizungukwa na vinamasi kiasi kwamba mgeni hafiki kirahisi. Wasemaji wake wanakadiriwa kuwa kama 2,000. Tope liliwafanyia kazi ambayo serikali haikuifanya.

Hata misimbo ya ISO 639, ambayo sisi watengenezaji programu tunaitumia kila siku bila kufikiri, inasimulia hadithi hii. Lugha ya Fryslân imepewa herufi mbili, fy. Ya Kaskazini ni frr. Ya Saterland ni stq. Halafu kuna frs, yenye jina la Kifrisia cha Mashariki, lakini kinachokusudiwa hapo ni kile Kijerumani cha Chini cha Ostfriesland. Ukijenga orodha ya lugha kwa kufuata majina bila kuuliza, utampa mtu wa Saterland lugha isiyo yake.

Sasa bendera

Bendera ya Fryslân ina mistari saba ya mshazari, minne ya buluu na mitatu myeupe, na juu ya ile myeupe kuna vitu saba vyekundu vyenye umbo ambalo mtu yeyote mwenye macho atasema ni moyo. Ukiangalia mechi ya klabu ya SC Heerenveen utaviona kwenye jezi. Kumbe ni majani ya yungiyungi la maji. Kwa Kifrisia yanaitwa pompeblêden. Utenzi wa Kijerumani wa karne ya 13 uitwao Kudrun unataja bendera ya buluu yenye majani ya namna hiyo. Mkoa uliipitisha hii ya sasa rasmi mwaka 1957. Idadi ya saba inahusishwa na zile zinazoitwa Nchi Saba za Bahari, yaani maeneo ya Wafrisia ya zama za kati yaliyojitawala bila mfalme wala bwana mkubwa. Kinachochekesha ni kwamba orodha za hizo nchi saba hazifanani. Kila mwandishi ana saba zake. Kwa lugha ya kazi yetu, safu ilikuwepo lakini hakuna aliyekubaliana na mwenzake juu ya kilichomo.

Wajumbe wa nchi hizo walikuwa wakikutana mahali panapoitwa Upstalsboom, karibu na Aurich, ambapo tangu 1833 pamesimama piramidi ndogo ya mawe. Uhuru wao uliendelea mpaka mwaka 1498 upande wa Friesland, pale Mfalme Maximilian alipompa eneo hilo Albrecht wa Saxony alitawale. Upande wa Mashariki, ukoo wa Cirksena ulishapewa cheo cha ukabaila mwaka 1464, na mrithi wa mwisho alipofariki mwaka 1744, Prussia ikaichukua nchi.

Bendera ya Ostfriesland ni milia mitatu ya kulala: nyeusi, nyekundu, buluu. Hakuna majani, hakuna simba. Ila mabaraza yao yalipewa nembo na Kaisari Leopold wa Kwanza mwaka 1678, na ndani yake yuko mtu mwenye silaha chini ya mti wa Upstalsboom. Hawa wa Mashariki, kwa taarifa yenu, ni wanywaji wa chai kutushinda sisi. Inakadiriwa mtu mmoja hunywa kama lita 300 kwa mwaka, kwa sukari ya mawe na krimu, na ada ni vikombe vitatu. Nilipolisoma hilo nikahisi nina jamaa huko.

Bendera ya Nordfriesland ni milia mitatu pia: dhahabu, nyekundu, buluu. Ilianza kupepea miaka ya 1840, wakati Schleswig ilikuwa chini ya mfalme wa Denmark na ugomvi wa Wadenmark na Wajerumani unapamba moto. Nembo yao ina nusu ya tai, taji, na chungu cha uji. Ndiyo, uji. Hadithi ya wenyeji inasema wanawake waliwahi kuwafukuza maadui kwa kuwamwagia uji wa moto. Chini yake pameandikwa msemo wao kwamba afadhali kufa kuliko kuwa mtumwa. Ni watu waliopigana na bahari kuliko walivyopigana na wanadamu: mafuriko ya 1362 yaliufuta mji wa Rungholt, na yale ya 1634 yakakipasua kisiwa cha Strand, mabaki yake ndiyo Pellworm na Nordstrand za leo.

Na ile West-Friesland ya Noord-Holland? Simba wawili wa dhahabu juu ya buluu. Simba wa namna hiyo wamo pia katika nembo ya mkoa wa Friesland, ndiyo maana watu huchanganya. Nao majirani wa Groningen, katika maeneo ya mashambani yaitwayo Ommelanden, wana mistari ya buluu na nyeupe yenye alama nyekundu 11 zinazofanana na zile za Fryslân. Hapo pia palikuwa pa Wafrisia kabla lugha haijabadilika.

Mnaweza kuuliza, je, hakuna bendera moja ya wote? Sehemu hizo tatu, Magharibi, Mashariki na Kaskazini, zina baraza lao la pamoja tangu 1956. Mwaka 2006 kikundi kinachoitwa Groep fan Auwerk kilibuni bendera ya Wafrisia wote, yenye msalaba wa mtindo wa Skandinavia na majani manne ya yungiyungi. Baraza halikuichukua kama ilivyo, likawa na yake. Kila mtu aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kuunganisha mifumo mitatu kuwa mmoja anaijua hadithi hii: unaingia na mifumo mitatu, unatoka na mitano.

Kwenye simu yako usizitafute. Kitaalamu bendera ya Fryslân ina mahali pake katika Unicode, maana mkoa huo una msimbo wake wa ISO, NL-FR. Lakini bendera za mikoa zilizowekwa kwenye orodha inayopendekezwa ni tatu tu, England, Scotland na Wales, tangu 2017. Na mwaka 2022 Unicode walitangaza kwamba hawapokei tena maombi ya emoji za bendera. Mlango umefungwa.

Kwa nini yule dada hakucheka

Tulipozungumza tena nilimwomba radhi, nikamwambia sikujua kuwa jambo hili ni zito. Akanieleza juu ya babu yake, aliyekuwa Leeuwarden siku ya tarehe 16 Novemba 1951. Siku ile mwandishi Fedde Schurer alikuwa mahakamani kwa sababu ya maneno aliyoandika dhidi ya hakimu aliyekataa Kifrisia kitumike kortini. Watu wakakusanyika nje, polisi wakawatawanya kwa marungu na maji. Siku hiyo inaitwa Kneppelfreed, Ijumaa ya Marungu. Miaka michache baadaye Kifrisia kikaruhusiwa shuleni na mahakamani. Babu yake, alisema, alikuwa amekwenda sokoni tu, akarudi na jeraha kichwani, na tangu hapo akaitundika ile bendera nyumbani. Sasa mjukuu anafungua programu ya watoto anakuta kijana wa Nairobi ameandika "marudio".

Sikuwa na la kusema. Lakini kuna jambo jingine lililonikuta usiku ule wa kusoma, na ndilo lililonifanya niandike haya.

Wafrisia wa Kaskazini wana kisiwa kimoja cha mbali kiitwacho Helgoland. Ni mwamba mwekundu, pamoja na kisiwa kidogo cha mchanga pembeni. Bendera yake ni kijani, nyekundu na nyeupe: nchi, jabali, mchanga. Lahaja yake inaitwa Halunder. Waingereza walikiteka mwaka 1807. Halafu tarehe 1 Julai 1890, mjini Berlin, Uingereza na Ujerumani wakatia sahihi mkataba. Ujerumani ikapata Helgoland. Uingereza ikapata nini? Ikaachiwa Zanzibar iwe chini ya ulinzi wake, na Ujerumani ikajiondoa Witu na pwani yote mpaka Kismayu, pamoja na madai yake juu ya visiwa vya Manda na Pate. Katika mkataba Pate imeandikwa "Patta".

Mama yangu ni Mbajuni. Kwao ni Faza, kisiwa cha Pate.

Nilijifunza mkataba huu shuleni kama tarehe ya kukariri kwa ajili ya mtihani. Hakuna aliyeniambia kwamba upande wa pili wa karatasi ile walikuwa wavuvi wenye lahaja yao na bendera yao, watu wa kisiwa kidogo kama sisi. Nilikaa nikitazama kioo cha kompyuta. Mistari miwili katika hifadhidata ya mtu mwingine, Helgoland na Patta, na mkono mmoja unaihamisha.

Asubuhi nikampigia bibi simu Faza, nikamwamkia, nikamweleza. Akauliza swali moja: "Na hao wa huko, waliulizwa?"

Nikamwambia, waliulizwa baada ya kutolewa, bibi. Waliruhusiwa kuchagua kubaki raia wa Uingereza, mwisho tarehe 1 Januari 1892. Lakini kisiwa kilikuwa kimeshakwenda.

"Sisi hata hilo hatukupata," akasema. Halafu akaniuliza nitakuja lini, na kama nimeoa. (Mnaona, si nyinyi tu.)

Nilikumbuka nilipoingia kidato cha kwanza huku bara. Fomu ilikuwa na mahali pa kabila, mwalimu akaangalia orodha yake, Mbajuni hayumo. Akaandika "Mswahili" kwa kalamu ya wino, akasema ni kitu kimoja. Hakuwa mtu mbaya. Alitaka foleni isonge, kama mimi nilivyotaka kulala. Bibi alipoiona nakala ya ile fomu aliiweka chini bila kusema neno, na mimi mtoto sikuelewa kilichomuudhi. Sasa naelewa. Skripti yangu na kalamu ya mwalimu zilifanya kazi ileile.

Nilivyorekebisha

Kwa wale waliokuja hapa kwa ajili ya ufundi, haya ndiyo niliyobadilisha. Kwanza, nilirudisha data kutoka nakala ya akiba, ambayo namshukuru Mungu ilikuwepo. Pili, jedwali moja la "mkoa" nikaligawanya matatu: watu, maeneo, na bendera, na uhusiano kati yake ni wa wengi kwa wengi. Watu mmoja wanaweza kuwa na maeneo katika nchi mbili, eneo moja linaweza kuwa na bendera kadhaa. Tatu, kila bendera ina mwaka ilipoanza na mwaka ilipokoma, na nafasi hizo zinaruhusiwa kubaki wazi. Nne, hakuna skripti inayofuta tena. Inapendekeza tu, na mtu anayepajua mahali hapo ndiye anayekubali au kukataa.

Tano, nikaondoa bendera kwenye kitufe cha kuchagua lugha. Hili lilikuwa linaniuma tangu zamani. Kwa Kiswahili nilikuwa nimeweka bendera ya Kenya, jamaa wa Dar es Salaam aliyejaribu programu akaniandikia ujumbe ambao siwezi kuuchapisha hapa. Kwa Kifrisia, ungeweka ya Uholanzi au ya Ujerumani? Sasa lugha zimeandikwa kwa majina yake yenyewe, basi.

Yule dada alikagua tena akapitisha. Swali la bendera ya Fryslân sasa lina maelezo yanayosema ni majani ya yungiyungi. Na kwa idhini yake niliongeza swali moja la Helgoland, likiwa na sentensi inayotaja Pate. Nimeiandika Pate, kama inavyoitwa na wenyewe.

Haya, nimesema mengi. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tutarudi kwenye ile mada ya kuhifadhi nakala za akiba, ambayo nadhani sasa mmeona umuhimu wake. Kama kuna msomaji anayezijua bendera za zamani za miji ya pwani yetu, Siyu, Pate, Faza au Witu, aniandikie. Jedwali lina nafasi.